Sare ya Wakataa Sare

Ukitaka kumjua fundi wa kupinda kanga, mtazame anapofungua mzigo. Hasomi. Hupima kwa mkono, hukata pale vipande viwili vya doti vilipoungana, hupinda ncha, hutupa upande, huvuta nyingine. Ashura binti Bwanaheri amekaa na cherehani yake kwenye baraza ya nyumba ya marehemu baba yake, Mikindani, kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo amepinda majina ya kanga ya mapenzi, ya kumshukuru Mungu na ya kumsimanga mke mwenza, yote bila kuinua macho. Angekuwa anayasoma, angekwisha gombana na nusu ya mji.

Kwa hiyo mzigo wa doti mia na ishirini ulipoletwa na bodaboda Jumatatu asubuhi, na kijikaratasi kikisema ni sare ya harusi ya Halima binti Subira, alikuwa amepinda vipande sita kabla hajaona anapinda nini. Mji wa kanga ulikuwa mweusi tii, mfano wa kaniki. Pindo lilikuwa la rangi ya dhahabu. Na jina lake, kwa herufi za dhahabu vilevile, lilisema: NIMEMFUATA BIBI HARUSI SIKUFUATA KITAMBAA.

Ashura akaondoa mguu kwenye cherehani. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema kwa mdomo wake, miaka tisa iliyopita, mlangoni pa ukumbi mmoja kule Magomeni ya Mtwara, na aliyasema kuikataa sare. Sasa yamekuwa sare. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sidhani kama aliyeisema kwanza aliwahi kuletewa nguo yenyewe aipinde.

Tuyaseme ya nyuma kwa kifupi, maana Ashura mwenyewe akianza kuyasimulia chai hupoa. Mwaka ule korosho zilikuwa zimefanya vizuri, na korosho zikifanya vizuri Mtwara watu huoana kama wamekatazwa kesho. Kila harusi na sare yake. Wiki hii kitenge cha zambarau, wiki ijayo kanga ya kijani, na ole wako ukionekana mara mbili na kitambaa kimoja. Subira, shoga yake Ashura tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja, alikuwa mjane mpya na hana kitu. Akaenda harusi ya mtoto wa wifi yake bila sare. Wakamkalisha karibu na mlango, penye viatu. Sahani za biriani zikapita zikifuata kitambaa, na Subira hakukivaa. Akakaa mpaka mwisho, mikono mapajani, anatabasamu.

Ashura alikuwa ndani siku ile, amevaa sare, sahani mbele yake. Aliona yote, akaisukuma sahani kando. Kesho yake akaenda sokoni akanunua kaniki mbili, ile nguo nyeusi ya kulimia na ya kukalia matanga, ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeivaa harusini. Moja akavaa yeye, moja akamvisha Subira, wakaenda hivyo harusi iliyofuata. Mlangoni wakaulizwa sare yao iko wapi. Ndipo Ashura aliposema yale maneno.

Watu walicheka, kisha wakakasirika, kisha, Mungu ana mambo, wakaanza kuwafuata. Katika miaka miwili walifika wanawake arobaini, wa Mikindani, wa Mtawanya, mpaka wa Msimbati huko kwenye gesi. Waliitwa Wanakaniki. Walikuja harusini wamevaa nyeusi, wakaosha masufuria, wakakuna nazi, na wakaimba kuliko wote. Ashura hajawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla ya kuolewa wala baada.

Kisha wenye harusi wakapata akili: wakaacha kuwaalika. Hakuna uasi unaoshinda kutoalikwa. Mmoja mmoja, Wanakaniki wakaanza kukumbuka kwamba wana mabinti wa kuozesha na mawifi wa kuwapendeza, wakarudi kwenye vitambaa vyao. Akabaki Ashura. Mumewe Jafari alikwisha kufa, mtoto wao mmoja yuko Nachingwea na familia yake, na siku za Jumamosi, ngoma zinapolia mtaa wa pili, yeye hukaa barazani akijifanya ana kazi ya kumaliza.

Na Halima? Halima alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano wakati ule, akiwabebea mama zake vikapu. Amekuwa mtu mzima, amefungua duka la nguo mjini na ukurasa mtandaoni, na humo alianza kuweka picha za zamani za Wanakaniki. Watu wa Dar es Salaam wakazipenda. Watu wa Arusha wakauliza bei. Halima hakuwa mjinga wa kuwajibu kwamba hakuna bei. Akapeleka mchoro kiwandani, akatia pindo la dhahabu, na ile nguo ya wanaokataa kununua ikawa ndiyo nguo inayonunuliwa kuliko zote dukani.

Alikuja mwenyewe jioni ya Jumatatu ile kuona kazi imefikia wapi, akamwamkia Ashura kwa adabu zote, akaketi kwenye mkeka. Ashura akamuuliza kama anajua maneno yale yalisemwa kwa nini. Halima akasema anajua, alikuwepo, alikuwa ameshika kikapu. Akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba ndiyo maana ameyachagua kwa harusi yake mwenyewe, ni heshima kwa wazazi wake wawili.

"Mama Mdogo," akasema, "wewe uliwafikia watu arobaini. Mimi nimewafikia maelfu."

"Umewafikishia maneno, au umewafikishia kanga?"

Halima akafikiri kidogo, maana ni msichana mkweli, akasema haoni tofauti. Kisha akambusu mkono, akaondoka na vipande vilivyokuwa tayari.

Ashura angeweza kuurudisha mzigo. Alilala akiwaza hivyo, akaamka akiwaza hivyo. Lakini ilikuwa harusi ya Halima, na Halima alikuwa wa Subira, na Subira ndiye mtu pekee duniani aliyebaki kumjua tangu utotoni. Hawakuwa wamegombana. Ila tangu Halima amjengee mama yake nyumba Mtawanya, Subira alikuwa hafiki Mikindani, na simu zao zilikuwa zimebaki za Idi na za misiba. Ashura alipinda siku nne mfululizo, na siku ya tano akafunga mlango akaenda Mtawanya kumwambia mwenzake lile lililomkaa moyoni.

Nyumba ilikuwa nzuri, ina vigae, ina kochi ambalo bado halijatolewa nailoni. Subira alimpokea kwa furaha ya kweli, akamkalisha, akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Ashura akaeleza. Alieleza kwa kirefu, kwa uchungu, kwamba jambo lao limegeuzwa biashara, kwamba mtu akikataa leo kesho atauziwa kukataa kwake kwa pindo la dhahabu, kwamba yeye na Subira, wao wawili walioanza, inawapasa waende harusini na kaniki zao zilezile. Watu wakumbuke. Subira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Shoga, mimi sikukataa sare," akasema. "Mimi nilikosa."

Ashura akasema ni kitu kilekile.

"Si kitu kimoja. Siku ile pale penye viatu nilikuwa naomba Mungu mtu mmoja aniazime kitambaa. Kesho yake ukaniletea kaniki. Nikaivaa kwa sababu umeileta wewe. Miaka yote ile nimeivaa kwa sababu yako, na kila harusi nilikuwa natazama wale walio ndani, natamani." Akatazama chini, akazungusha pete yake. "Hukuniuliza hata siku moja, Ashura."

Ashura alijaribu kukumbuka kama kweli hakuuliza. Alikumbuka akinunua kaniki, akikimbia nazo barabarani, akimfunga Subira kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Kuuliza hakukukumbuka. Alikuwa amejivunia jambo moja maishani, nalo lilikuwa kumtoa mwenzake mlangoni. Kumbe alimtoa mlango mmoja akaenda kumsimamisha kwenye mingine ishirini.

Subira hakumwacha aondoke hivyo. Alimshika mkono mpaka barazani, akamwambia meza yake itakuwa ya mbele, upande wa kulia, na kiti cha pembeni yake atakiwekea mkoba mpaka Ashura afike. Hataki mtu mwingine pale. Ila aje amevaa kama wenzake, siku hiyo moja tu, wakae kama watu. Ashura akasema atakuja. Subira akasema insha'Allah kwa sauti ya mtu ambaye haamini.

Usinione namcheka Ashura kwa lililofuata. Si jambo la kuchekwa. Mwanamke aliyekuwa mfano wa ukaidi Mikindani nzima alichukua doti ya mwisho ya mzigo, akaipinda kwa uangalifu ambao hakuwa ameuweka kwenye zile nyingine zote, akaifukiza udi. Aliitia pasi mara mbili. Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, alivaa gauni lake jeusi la kawaida, akajifunga kipande kimoja kiunoni, kingine akajitanda kichwani mpaka mabegani, akajitazama kwenye kioo. Alijiona kama mtu aliyealikwa, na alifurahi, na alijionea haya kidogo kwa kufurahi.

Ukumbi ulikuwa mjini, si mbali na barabara ya bandarini. Shughuli ilikuwa ya wanawake, ya kumtoa bibi harusi, na ngoma zilikuwa zimekwisha kukolea Ashura alipofika. Yale maneno yake yalikuwa yameandikwa kwenye bango kubwa juu ya mlango, na kando ya mlango, nje, kulikuwa na kiti kimoja kirefu kilichopambwa kwa maua na kitambaa cheusi. Alidhani ni cha kupigia picha bibi harusi. Mlangoni walisimama wasichana wawili wa kamati, wamevaa sare, na mbele yao alisimama mwanamke mwenye gauni la kitenge kilichochuja, amekumbatia mkoba wake. Ashura alimjua kwa mgongo. Alikuwa Doris, wa Msimbati, aliyekuwa akija na Wanakaniki enzi zile na ambaye mpaka sasa humuuzia Subira pweza wakavu.

Doris alikuwa ameondoka kwao alfajiri na kikapu cha pweza, zawadi. Wasichana walikuwa wamekipokea kikapu, wakakipitisha jikoni kwa shukrani nyingi. Doris mwenyewe ndiye aliyebaki. Sahani zilihesabiwa kwa sare, wakamweleza, na wao si wakorofi, ni utaratibu tu. Doris alikuwa anawaonyesha simu yake, kadi ya mwaliko aliyotumiwa, huku ameshika kidole chake chini ya mstari wa kwanza.

"Si mmeandika wenyewe hapa," alikuwa akisema. "Nimemfuata bibi harusi, sikufuata kitambaa. Nikasema basi, safari hii hawataki kitambaa. Nimeisoma mara tatu."

Wasichana walitazamana. Mmoja wao akajibu, kwa upole, kwamba hayo ni maneno ya kanga.

Ashura angeweza kupita. Kitambaa alikuwa nacho, mlango ulikuwa wazi, na kupitia uwazi wa pazia aliweza kuona upande wa kulia wa ukumbi, meza ya mbele, na Subira aliyependeza kuliko alivyowahi kupendeza, na mkoba mwekundu juu ya kiti cha pembeni yake. Hatua thelathini, hazizidi. Alikuwa ameyataka yale kwa wiki nzima kama mtoto anavyotaka Idi. Lakini Doris aligeuka, akamwona, akatazama ile sare mwilini mwake toka kichwani mpaka miguuni. Aliuvuta mkoba wake kifuani, akajitahidi kutabasamu, akasema basi yeye anarudi zake, gari za Msimbati hazichelewi.

Ashura alikuwa analijua tabasamu lile. Aliwahi kuliona penye viatu. Safari hii, kabla ya kufanya lolote, aliuliza.

"Doris, unataka kuingia?"

Doris akasema ndiyo, anataka. Hakuja kugombana na mtu. Amemjua Halima tangu mdogo, na nyumbani amewaaga watu kwamba anakwenda harusini. Atarudi awaambie nini?

Basi Ashura akatoa kipande cha kichwani akampa. Msichana wa kamati akakohoa, akasema samahani mama, sare ni doti nzima, kipande kimoja wanacho hata wapishi. Ashura akafungua na cha kiunoni. Doris akamshika mkono, akamuuliza yeye je, atavaa nini.

"Mimi wananijua," Ashura akasema. "Jifunge. Wewe tangulia, mwambie Subira nipo hapa nje."

Doris akajifunga, na alipendeza. Aliingia huku anafuta machozi, akaanza kucheza kabla hata hajafika katikati, wanawake wakampigia vigelegele. Ashura alibaki na gauni lake jeusi. Alimfuata kwa macho kati ya migongo ile yote iliyoandikwa maneno yake mpaka alipofika kwenye meza ya mbele. Akamwona Doris akimwinamia Subira sikioni. Subira akaweka mkono nyuma ya sikio, kwa kuwa ngoma zilikuwa zimepamba moto, akatikisa kichwa kwamba amesikia, au kwamba hakusikia. Kisha akainua uso, akatazama mlangoni. Kama Ashura angekuwa na mkono mrefu angemgusa. Alipunga hivyo hivyo. Subira aliona jambo moja: shoga yake amesimama nje, amevaa nyeusi, bila sare.

Hakukasirika. Hilo ndilo Ashura aliloliona waziwazi, na ndilo lililomuuma. Subira alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo, akauchukua mkoba mwekundu juu ya kiti, akamkaribisha Doris akae.

Ashura akatoa simu, akapiga. Aliusikia mlio sikioni mwake mpaka ukakatika. Akapiga tena. Simu ya Subira bila shaka ilikuwa ndani ya mkoba ule, na mkoba sasa ulikuwa chini ya meza, na wanawake mia na ishirini walikuwa wanaimba. Akamgeukia msichana wa kamati, akaanza kumweleza kwamba sare alikuwa nayo, yeye mwenyewe ameona, amempa mwenzake sasa hivi. Msichana alikuwa anamtazama usoni kwa namna mpya.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Bi Ashura? Wa kwenye picha?"

Akasema ndiye. Msichana akamshika mikono miwili, akapiga goti kabisa. Alisema bibi harusi alikwisha waonya: Mama Mdogo atakuja bila sare, ule ndio msimamo wake, mtu asimsumbue wala asimlazimishe kuingia. Wamuwekee kiti chake pale nje, cha heshima, chini ya maneno yake. Akamwongoza kwenye kile kiti chenye maua, akampangusia, akamkalisha. Alisema soda inakuja. Alisema tangu asubuhi alikuwa anaogopa kwamba atakuwa amebadilika kama wengine, na kumbe hakubadilika.

Mpiga picha alikuwa kijana wa kike mwenye kamera mbili shingoni. Alirudi nyuma hatua tatu, akainama, akamwambia asitabasamu, akae vilevile alivyo. Ndani walikuwa wanamtoa Halima, na vigelegele vilipanda mpaka ndege wakaruka kwenye paa.

"Mwanangu," Ashura akasema, "mimi nataka kuingia."

Msichana wa kamati akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na bibi yake, na mpiga picha akamwomba Bi Ashura ageuze uso kidogo, aache mlango, atazame barabarani.